Safari ya Chai Magharibi mwa Georgia: Mwongozo Kamili kutoka Kutaisi hadi Batumi

Wasomaji wengi wamefunga safari kwenda Georgia, nchi ya Kaukazi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, wakiwa na nia ya kuona mashamba ya chai na kukaa na watu wanaoitengeneza, lakini wamerudi na picha za makanisa, mvinyo na milima pekee. Makosa yao yanafanana. Walifikia Tbilisi wakidhani chai iko karibu, au walikwenda wakati michai imelala, au walifika kwa mtengenezaji bila taarifa wakakuta kufuli na mbwa.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba njia ya chai ya Georgia haina mabango wala tiketi ya mlangoni. Ni mfululizo wa miadi na familia ndogondogo zilizofufua mashamba yaliyoachwa. Ukiipanga kama unavyopanga kwenda mbugani, utakwama. Ipange kama mtu anayekwenda kwa wakwe, yaani kwa taarifa ya mapema, kwa siku iliyokubaliwa na bila kuharakisha kuondoka.

Mwongozo huu ni wa msafiri mwenye siku nane au tisa, anayejitegemea na asiye na kampuni ya kumpangia safari.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Pasipoti yenye muda wa kutosha, viza au kibali kinachokuruhusu kuingia bila viza, tiketi ya kurudi na nakala za karatasi za vyumba ulivyolipia.
- Bima ya afya na ajali inayotambulika Georgia. Tangu Januari 2026 mgeni anatakiwa kuwa nayo, na kiwango cha chini cha fidia ni lari 30,000 (lari ni fedha ya Georgia).
- Fedha taslimu za lari kwa matumizi ya vijijini. Kadi hufanya kazi mijini, lakini mama anayekusokotea chai jikoni kwake hana mashine ya kadi.
- Leseni ya kimataifa ya udereva, iwapo utaendesha gari mwenyewe.
- Koti la mvua, viatu vyenye soli ya kushika tope, suruali ndefu na soksi ndefu. Mwavuli hausaidii katikati ya safu za michai.
- Kanga mbili. Moja ni ya kichwani na nyingine ya kiunoni kwa mwanamke anayeingia kanisani, na zote mbili zinafaa kukalia kwenye nyasi zenye umande.
- Programu ya tafsiri na ramani ya magharibi mwa Georgia, zote zikiwa zimepakuliwa ili zifanye kazi bila intaneti.
- Mifuko minene isiyopitisha hewa, kwa ajili ya chai utakayonunua.
- Pakiti moja au mbili za chai kutoka nyumbani kwenu. Hakuna zawadi inayomfurahisha mtengenezaji wa chai kuliko chai ya mtu mwingine, na mazungumzo huanzia hapo.

## Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kufuata jani

Aliyekulia Kericho, Mufindi au Rungwe amezoea kuona chai ikichumwa mwaka mzima, kwa sababu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza mmea. Georgia iko kwenye takriban nyuzi 42 kaskazini. Theluji huanguka juu ya michai, na mmea hupumzika kuanzia mwisho wa vuli hadi majira ya kuchipua. Mchumo wa kwanza huanza mwishoni mwa Aprili kwenye maeneo ya chini karibu na bahari, huenea bara mwanzoni mwa Mei, kisha huendelea kwa awamu hadi Septemba au Oktoba.

Kipindi bora ni kuanzia wiki ya kwanza ya Mei hadi katikati ya Juni. Jani la wakati huo ndilo watengenezaji wadogo wanalolithamini zaidi, nao wako shambani kila siku yenye jua. Julai na Agosti jani lipo, ila pwani hufurika watalii, bei za vyumba hupanda, na joto lenye unyevu huchosha. Septemba inafaa kwa anayevumilia mvua: Batumi hupata takriban milimita 2,500 kwa mwaka, na miezi ya vuli ndiyo yenye mvua kubwa kuliko yote.

Ukishapata wiki yako, ondoa siku ambazo hakuna atakayekupokea kwa kazi. Jumapili watu wengi wako kanisani au mezani na jamaa. Tarehe 26 Mei ni Siku ya Uhuru. Pasaka ya Kiorthodoksi nayo hubadilika kila mwaka. Mwaka 2027 itaangukia tarehe 2 Mei, na hiyo ni nafasi adimu kwa sababu inakutana na mwanzo wa mchumo. Siku hiyo, katika kijiji cha Shukhuti kilichoko wilaya ya Lanchkhuti, nusu mbili za kijiji hugombania mpira mzito wa kilo 16 hivi katika mchezo uitwao Lelo burti, na upande unaoshinda huuweka mpira juu ya kaburi la mtu wao. Tazama kutoka mbali na usijaribu kupiga picha ukiwa ndani ya kundi, maana kundi hilo hupita juu ya ua na halimsubiri mtu.

Acha siku moja tupu katika ratiba. Jani lililolowa halinyauki vizuri, kwa hiyo mtengenezaji makini huahirisha kuchuma mvua inaponyesha, na asiye na siku ya akiba huishia kuonyeshwa mashine zilizozimwa. Hatua hii imekamilika pale unapokuwa na tarehe mbili zinazowezekana kwa kila shamba unalolitaka.

## Hatua ya 2: Maliza mambo ya mpakani mapema

Georgia imekuwa ikiwaruhusu watu wenye viza au vibali halali vya ukazi vya nchi nyingi za Ulaya, Marekani na Ghuba kuingia bila viza na kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Kwa msomaji anayeishi Muscat, Dubai, Doha au London, huu ndio mlango rahisi. Anayesafiri kwa pasipoti pekee aanze na tovuti ya serikali ya viza za kielektroniki, evisa.gov.ge, aone iwapo uraia wake umo kwenye orodha. Usipokuwemo, atalazimika kwenda ubalozini. Masharti hubadilika, basi yasome upya kabla ya kulipia tiketi hata kama rafiki yako alipita bila tatizo mwaka jana.

Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kumrudisha mgeni mwenye nyaraka kamili endapo hataridhika na maelezo yake. Kwa sababu hiyo, chapisha kila kitu: bima, vyumba, tiketi ya kurudi, na ujumbe wa mwenyeji mmoja anayethibitisha siku ya kukupokea. Ukiulizwa unakwenda wapi, taja miji kwa majina: Kutaisi, Ozurgeti, Batumi. Mtu anayesema tu kwamba amekuja kutalii huulizwa maswali mengi zaidi.

## Hatua ya 3: Weka kituo magharibi, usilale Tbilisi

Mashamba ya chai yako katika mikoa minne ya magharibi: Imereti, Samegrelo, Guria na Adjara. Tbilisi iko mashariki, kilomita 230 hivi kutoka Kutaisi na karibu 380 kutoka Batumi. Anayejaribu kwenda Guria na kurudi Tbilisi siku hiyohiyo humaliza mchana wote ndani ya gari.

Ukipata ndege ya kutua Kutaisi au Batumi, ichukue. Ukitua Tbilisi, kwa ndege za kutoka Istanbul, Doha au Dubai, panda treni ya kwenda magharibi. Ile ya Tbilisi hadi Batumi huchukua saa tano hivi, na tiketi zake za majira ya joto huisha siku kadhaa kabla.

Mpangilio ninaoupendekeza unashuka kutoka milimani kuelekea baharini:

1. Kutaisi, usiku mbili, kwa ajili ya Imereti.
2. Zugdidi au Martvili, usiku mmoja, kwa ajili ya Samegrelo.
3. Ozurgeti, usiku mitatu au minne, kwa ajili ya Guria.
4. Batumi au Chakvi, usiku miwili, kwa ajili ya Adjara.

Guria imepewa muda mkubwa kwa makusudi. Ni mkoa mdogo, mashamba yake yako karibukaribu, na wenyeji wake ndio waliozoea zaidi kumwingiza mgeni jikoni. Ukiwa na siku nne tu, futa Imereti na Samegrelo bila majuto, uende Ozurgeti moja kwa moja.

Kati ya miji utatumia marshrutka, vibasi vinavyofanya kazi ileile ya daladala au matatu, ambavyo huondoka vikijaa na kupungua sana baada ya saa kumi jioni. Kutoka mjini kwenda shambani huhitaji gari: kodi lako mwenyewe, au mwombe mwenye nyumba ya wageni akutafutie dereva wa siku nzima kwa bei mliyokubaliana kabla ya kuondoka. Anayeendesha mwenyewe ajue kwamba ng'ombe hulala barabarani hata kwenye kona kali, na kwamba njia za ndani ya mashamba hugeuka utelezi baada ya mvua ya nusu saa.

Ukitafuta habari kwenye intaneti, usiandike jina la nchi peke yake, kwa kuwa utaletewa jimbo la Marekani. Andika Guria au Ozurgeti. Kwenye ramani, andika neno la Kigeorgia ჩაი. Litakuonyesha mashamba na karakana ambazo hazijajitangaza kwa lugha nyingine.

## Hatua ya 4: Andika miadi, na uiandike vizuri

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Karakana ya chai ya kifamilia mara nyingi ina watu wawili au watatu, na hao hao ndio wachumaji, wasokotaji, wafungaji wa pakiti na wapishi wa wageni. Ukiwashtukiza, wanakuwa shambani na simu imebaki nyumbani.

Majina ya watengenezaji utayapata kwenye pakiti za chai zinazouzwa katika maduka maalumu ya Tbilisi na Batumi, kwenye vituo vya taarifa za utalii, na zaidi ya yote kwa wenye nyumba za wageni wa Ozurgeti, ambao hujuana na kila mtu. Tuma ujumbe wiki mbili au tatu kabla, kwa Kigeorgia cha programu ya tafsiri na chini yake Kiingereza. Wazee wengi wanajua Kirusi, vijana wanajua Kiingereza, na sentensi fupi hutafsirika vizuri kuliko ndefu. Maudhui yawe hivi:

*Tuko watu wawili. Tutakuwa Ozurgeti tarehe 14 hadi 17 Mei. Tunaomba kuchuma, kusokota na kuonja chai kwenu. Tafadhali tuwekeeni jani kidogo lililochumwa siku iliyotangulia, ili tuone hatua zote. Hatunywi pombe na hatuli nyama ya nguruwe. Je, mnatoza kiasi gani kwa mtu mmoja, pamoja na chakula cha mchana? Mvua ikinyesha, je, tunaweza kuja kesho yake?*

Ombi la jani la siku iliyotangulia ndilo muhimu kuliko yote, na sababu yake itaonekana katika Hatua ya 7. Taja saa kwa tarakimu, kwa mfano 10:00, usije ukamwambia mtu saa nne akakungoja alasiri. Kumbuka pia kwamba Georgia iko saa moja mbele ya Nairobi na Dar es Salaam, sawa na Muscat na Dubai.

Miadi imekamilika ukiwa umejibiwa mambo matatu: siku, bei, na alama ya mahali kwenye ramani. Jibu la "karibuni wakati wowote" ni ukarimu wa kweli, lakini halitoshi. Uliza tena siku.

## Hatua ya 5: Imereti, kwa kuanzia

Ukiwa Kutaisi, asubuhi ya kwanza nenda kwenye monasteri ya Gelati, iliyoasisiwa na Mfalme David Mjenzi mwaka 1106 na iliyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1994. Kanga zako zinaanza kazi hapo. Kisha endelea na barabara ya kaskazini-mashariki hadi Tkibuli, mji wa makaa ya mawe uliozungukwa na vilima ambako baadhi ya mashamba ya chai yamefufuliwa. Kutoka Kutaisi ni kilomita 40 hivi.

Tkibuli inafundisha jicho. Upande mmoja wa njia utaona safu zilizopogolewa, tambarare kwa juu. Upande wa pili utaona michai iliyoachwa ikawa miti mirefu kuliko mtu, imefunikwa na miiba na mikangaga. Historia inayohitajika ili kuelewa tofauti hiyo ni fupi: Georgia ndiyo iliyokuwa ikilima karibu chai yote ya Umoja wa Kisovyeti, na soko hilo lilipovunjika mwaka 1991 mashamba mengi yaliachwa na viwanda vikang'olewa mitambo. Mwaka 2016 serikali ilianzisha mpango wa kuyafufua.

Shamba lililoachwa lina mwenyewe. Usiingie kuchuma, usirushe droni, na usikate matawi ili upate picha. Kupe wanapenda sana vichaka hivyo, kwa hiyo ingiza suruali ndani ya soksi na ujikague jioni.

Alasiri iliyobaki inatosha kwa Tskaltubo, mji wa maji ya tiba ulio kilomita 10 hivi kutoka Kutaisi. Majumba yake ya kifahari ya enzi ya Kisovyeti yanavutia kuyatazama kwa nje. Ndani, sakafu na ngazi nyingine zimeoza, na majumba kadhaa yameuzwa, basi bakia nje.

## Hatua ya 6: Samegrelo, kwa ajili ya chakula

Kwa upande wa chai, usitarajie mengi hapa, isipokuwa umepata miadi ya uhakika karibu na Martvili au Zugdidi. Mgeni wa Samegrelo huja mezani. Agiza ghomi, ugali wa mahindi meupe unaoletwa na vipande vya jibini vikiyeyukia ndani. Elarji, ambao ni ghomi uliosongwa pamoja na jibini hadi ukavutika. Na kharcho, mchuzi mzito wa kokwa za jozi. Ajika, pilipili ya kusaga yenye vitunguu saumu, ni kali kwa kweli, tofauti na chakula cha sehemu nyingine za nchi.

Mjini Zugdidi, ikulu ya ukoo wa Dadiani, watawala wa zamani wa Samegrelo, ni makumbusho yenye mojawapo ya vinyago vya uso vilivyonakiliwa kutoka maiti ya Napoleon. Onyo moja tu: magharibi mwa mji kuna mto Enguri, na ng'ambo yake ni Abkhazia, isiyo chini ya udhibiti wa serikali ya Tbilisi. Nako kulilimwa chai nyingi, lakini usiukaribie mstari huo wala usikubali kupelekwa na dereva yeyote.

## Hatua ya 7: Guria, kiini cha safari

Ukitokea Imereti kwa gari, pita barabara ya Sajavakho, Chokhatauri, Ozurgeti. Kabla ya kufika mjini utapita Nasakirali, penye mashamba mapana ya zamani yanayopanda vilima pande zote mbili. Simama hapo kupiga picha asubuhi au jioni, kisha uendelee, kwa kuwa Nasakirali ni mandhari na chai yenyewe iko nyumbani kwa watu. Karibu na Ozurgeti kuna Anaseuli, kijiji ambamo ilijengwa taasisi ya utafiti wa chai na mazao ya tropiki ndogo.

Siku ya karakana. Fika kwa wakati, ukiwa na njaa. Utapewa kikapu na kuonyeshwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Mzaliwa wa nyanda za chai atadhani analijua, na mkono wake kweli utakuwa mwepesi, lakini atakaguliwa: wengi hapa wanataka jani changa kabisa, lisilovunjika, kwa sababu halipelekwi kwenye mashine ya kukatakata kama ile ya viwanda vyetu vingi vya Afrika Mashariki. Linasokotwa likiwa zima.

Jani mlilochuma litatandazwa kivulini, tabaka jembamba, lipate kunyauka. Hilo huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Ndiyo maana uliomba jani la jana. Bila hilo ungeonyeshwa trei na kuambiwa urudi kesho. Shika konzi ya jani lililonyauka na ulibane: likiwa tayari halitoi mlio wa kuvunjika, kikonyo chake hupinda bila kukatika, na harufu yake imetoka kwenye majani mabichi ikaelekea kwenye tunda.

Kisha mnasokota. Viganja viwili hubingirisha bonge la majani juu ya ubao, kwa kukandamiza polepole mwanzoni na kwa nguvu baadaye, kwa nusu saa au zaidi, hadi utomvu utoke na mikono ianze kunata na kugeuka rangi ya kahawia. Usiharakishe mwanzo: jani linalokandamizwa kwa nguvu mapema hupasuka vipande na chai yake hutoka chungu. Bonge hufumuliwa, hufunikwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa lichachuke kwa saa mbili hadi nne, likigeuka rangi ya shaba. Mwisho huingia tanuri lenye joto la takriban nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi mpaka kikonyo kikibanwa kivunjike kwa mlio mkavu.

Kilo nne hadi tano za jani bichi hutoa kilo moja ya chai. Ukishachuma kwa mikono yako na kuona kikapu kilivyo chepesi, bei ya gramu 50 haitakushangaza tena.

Kuonja. Onja kwanza bila maziwa na bila sukari, hata kama nyumbani hunywi hivyo. Chai nyeusi ya Guria ni laini, ina utamu wa mbali na ukakasi mdogo. Ukiimiminia maziwa umeizamisha. Gramu 3 kwa mililita 200 za maji, dakika tatu au nne, zinatosha. Ya kijani inataka maji yaliyopoa hadi nyuzi 80 hivi. Baadaye utaletewa muraba wa matunda, unaolambwa kwa kijiko huku ukinywa.

Meza na nyimbo. Chakula cha mchana kinaweza kugeuka supra, karamu inayoongozwa na tamada, msema-heri. Usiinue glasi kabla hajatamka, na usimkatize. Asiyekunywa pombe aseme mapema, kama tulivyoandika kwenye ujumbe, kisha ashiriki kwa maji ya matunda. Kukataa katikati ya meza ndiko kunakoleta ubishi. Omba mkate wa Guria, wenye umbo la mwezi mwandamo, ukiwa na jibini na yai la kuchemsha ndani. Kwa desturi ni wa Krismasi, ila nyumba nyingi huupika mgeni akiuulizia.

Uimbaji wa Georgia wa sauti nyingi uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na wa Guria ni mgumu kuliko wote: sauti tatu zinazokwenda kila moja njia yake, na ya juu, krimanchuli, ikirukaruka kama inayocheka. Usitarajie kuusikia kwa bahati. Mwambie mwenye nyumba ya wageni siku mbili kabla akuitie kundi, mkubaliane malipo, na uulize kabla ya kurekodi. Waimbaji wakianza kubishana nani alikosea sauti, ujue mambo yamekwenda vizuri.

Siku inayofuata itumie kwa mwendo wa taratibu: monasteri ya Shemokmedi nje ya Ozurgeti, kisha Likhauri, kijiji alikozaliwa mwaka 1863 Ekvtime Takaishvili, mwanazuoni aliyelinda hazina ya taifa ikiwa uhamishoni Ufaransa hadi iliporudi mwaka 1945. Jioni tembelea soko la Ozurgeti, na siku ya akiba iwe siku ya tatu.

## Hatua ya 8: Adjara, kwenye shina la chai hii

Kutoka Ozurgeti barabara inateremka hadi Kobuleti, kisha inafuata bahari kuelekea kusini. Chakvi, kilomita 14 hivi kabla ya Batumi, ndipo alipofikia mwaka 1893 Lau Jon Jau, fundi wa chai kutoka China aliyeletwa na mfanyabiashara Popov, na mashamba makubwa yakaenea kutoka hapo. Leo utaona machenza mengi kuliko chai. Wanaolima wapo vilimani, na wanahitaji miadi kama wa Guria.

Nyuma ya Chakvi kuna hifadhi ya Mtirala, sehemu ya misitu ya mvua ya Kolkheti (jina la kale la magharibi mwa Georgia) iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Ukitembea saa mbili chini ya miti inayodondosha maji, utaelewa kwa nini chai ilikubali hapa. Bustani ya Mimea ya Batumi, iliyoanzishwa na Andrey Krasnov mwaka 1912, iko njiani na inataka nusu siku.

Adjara ina Waislamu wengi wa asili, na msikiti wa Orta Jame ulio katikati ya Batumi ulijengwa katika karne ya 19. Hata hivyo, usidhani kila mkahawa ni halali: khinkali, yaani vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye nyama ndani, mara nyingi huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, basi uliza kila mara. Khachapuri ya Adjara, mkate wa umbo la mashua wenye jibini na yai, haina nyama na inashibisha wawili.

## Hatua ya 9: Kununua na kufunga chai

Nunua kwa mtengenezaji mwenyewe. Chai ya magunia iliyo wazi sokoni hukaa jirani na viungo na kunyonya harufu zao, na muuzaji mara nyingi hajui ilichumwa lini. Tazama mambo manne: jani limesokotwa likiwa zima, vikonyo ni vichache, vumbi halijajaa chini ya pakiti, na mwezi wa mchumo umeandikwa. Pakiti isiyo na mwezi, uliza; asiyeweza kujibu, mwachie.

Usinunue kilo moja ya aina moja. Gramu 50 au 100 kutoka kila mkoa zitakupa nafasi ya kulinganisha, kwa kuwa chai ya Tkibuli na ya Chakvi hazifanani hata zikitengenezwa kwa njia ileile. Uliza pia iwapo wana chai ya jani la mashamba yaliyoachwa, lililokua bila mbolea kwa miaka mingi. Ina ladha ya msituni ambayo baadhi ya watu huipenda na wengine huikataa moja kwa moja.

Weka kila pakiti, ikiwa bado imefungwa na lebo yake, ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kisha katikati ya nguo, mbali na ajika na jibini uliyobeba. Lebo ibaki, kwa sababu forodha za nchi nyingi huruhusu chai iliyokaushwa na kufungwa, ila huitilia shaka majani makavu yaliyo kwenye mfuko usio na jina. Ile chai uliyoisokota mwenyewe, itakayokuwa gramu chache tu, mwombe mwenyeji aifunge na kuibandika lebo yake kabla hujaaga.